Ghorofa 14 zaja mtaani kwetu Nyali, twaanzia wapi?

Mkaazi_wa_Ndani:
Salaam aleikum wadau, naomba mawazo kwa wanaozijua hizi shughuli. Sisi twakaa Nyali, njia za ndani huku nyuma ya Links Road, mtaa wa nyumba za chini na chache za ghorofa moja, ploti kubwa kubwa, miti ya zamani, tumbili wasumbua lakini tushawazoea. Sasa nyumba ya pili kutoka kwangu imeuzwa, mwenyewe alifariki Mungu amrehemu na watoto wako Uingereza na Canada hawana haja nayo, na siwalaumu, mali yao. Aliyenunua kazungusha mabati na kwenye mabati kumebandikwa bodi ndogo nusu yake imefunikwa na maua, mpaka usimame umulike tochi ndio usome. Ghorofa 14, fleti 84, bwawa la kuogelea juu kabisa, maegesho chini. Kwenye ploti isiyofika ekari moja!

Halafu juzi kaja kijana mpole, ana kitambulisho shingoni, mkononi ana fomu, asema afanya utafiti wa mazingira ataka maoni ya majirani. Mke wangu akamwambia mwenye nyumba hayuko urudi jioni, hakurudi, akaenda akamjazia askari wa geti la jirani. Yule askari kwao Kaloleni na alala Kisauni, kaulizwa mradi una faida gani kajibu kazi zitapatikana. Haya, hayo ndio maoni ya majirani.

Grupu la wasapu la mtaa limewaka moto, kila mtu apiga kelele, mmoja asema twende kwa gavana, mwengine asema tulale barabarani mbele ya tingatinga, mwengine katuma dua. Mimi nataka kujua, kuna muda wa kupinga ambao ukipita ndio basi? Na ni sababu gani huwa zasikizwa, maana "hatutaki kelele" najua haitatufikisha popote. Na kuna yeyote hapa aliyewahi kupinga jambo kama hili akapata chochote?

FundiVisima:
Waaleikum salaam. Mkubwa kabla hujafika kwa wakili anza na maji. Mimi kazi yangu ni visima na pampu toka Mtwapa mpaka Likoni na visima vya Nyali nimeshuka vingi. Maji ya mfereji ya Mombasa hayatoki Mombasa, yatoka Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale, yote nje ya kaunti, na hayawatoshi hata waliopo ndio maana kila nyumba Nyali ina kisima ama yaita bauza, lile lori la maji. Wakikwambia bwawa la Mwache likikamilika shida itaisha, waambie basi na wao wangoje likamilike.

Sasa piga hesabu. Fleti 84, weka watu wanne wanne, kila mtu lita 100 kwa siku na hapo sijahesabu bwawa la kuogelea wala kuosha magari, ni kama lita 33,600 kila siku ya Mungu. Yatoka wapi? Wataweka kisima cha mashine, hiyo haina maswali.

Chini yetu ni jiwe la matumbawe lina matundu kila mahali, na maji matamu ya mvua yameelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kuna kanuni ya zamani ya wataalamu wa maji ya pwani, ukiyavuta maji matamu yakashuka futi moja basi chumvi kutoka chini yapanda kama futi 40. Kisima cha nyumba moja chavuta mchana, usiku chapumzika, maji yarudi. Cha fleti 84 pampu hailali. Nimeona visima vya watu vilivyokuwa vyanyweka vikawa vya kumwagilia minazi tu baada ya jirani kujenga, na chumvi ikishaingia haitoki kwa mvua ya masika moja.

Na choo jamani, hilo watu waona haya kulisema. Nyali hatuna mfereji wa maji taka kama ule wa sehemu za kisiwani, kila mtu na tangi lake la septiki na shimo la kunyweshea maji machafu ardhini. Katika hizo lita 33,600 karibu lita 27,000 zatoka chafu kila siku. Gari la kunyonya choo la lita 10,000 lije mara tatu kwa siku, mwaka mzima? Hawataliita. Yataingia kwenye matumbawe na matumbawe hayachuji vizuri, yapitisha. Kisima chako kiko mita ngapi kutoka kwenye mpaka wa ile ploti? Waulize hilo, na uulize kwa maandishi, mtambo wa kusafisha maji taka uko wapi kwenye plani, wa ukubwa gani, na maji yakishasafishwa yaenda wapi.

Dada_wa_Kongowea:
Naona mwasaidiana vizuri masha Allah ila mimi nitasema lisilopendeza. Sisi huku Kongowea hatua chache tu kutoka kwenu twakaa watu sita vyumba viwili, maji twanunua kwa mkokoteni mtungi baada ya mtungi tangu nazaliwa, choo twachangia, na sijawahi kuona mtu wa Nyali ameandika petisheni kwa sababu ya maji yetu. Leo maji ndio yamekuwa hoja?

Na huo utulivu mnaosema uko wapi, nyumba za chini zenyewe nusu zishakuwa mikahawa, shule za watoto, ofisi, nyumba za wageni wa usiku mmoja na miziki mpaka alfajiri. Hakuna aliyelala barabarani. Watu wazaana, mji wakua, kisiwa kimejaa, watajenga wapi kama si juu? Au mwataka vijana wote waende Mtwapa na Bamburi wakae kwenye foleni wakija kazini huko kwenu kuwapikia?

Mkaazi_wa_Ndani:
Dada sikatai, hoja ya maji kuwa yenu kabla haijawa yetu umenipata. Lakini nikuulize wewe binafsi, hizi fleti ni zako? Kwenye bodi imeandikwa za kifahari. Wanunuzi ni watu wa Nairobi wa kuja Disemba, Desemba ikiisha taa zimezimwa. Familia yako ya watu sita haitaingia mle ila kwa kufagia, na mimi hilo nalo naona ni sehemu ya ubaya wake.

Dada_wa_Kongowea:
Hapo sikubishii, bei yake naijua haitanifika hata nikiuza figo. Lakini andikeni hivo basi. Msiandike "mtaa wetu ni wa heshima, wataingia watu wa aina nyengine", maana hiyo nishaiona kwenye barua za watu na sisi ndio hao wa aina nyengine.

Mtu_wa_Kilimani:
Mimi niko Nairobi lakini nimeona hii sinema yote. Kilimani na Kileleshwa zilikuwa hivyo hivyo, bangalo na bustani, mtoto anaendesha baiskeli barabarani. Wacha niwaambie kitu kimoja, ile ghorofa ya kwanza ndio ya kupigania. Ya pili ikija kuomba kibali inaandika tu ati tabia ya mtaa tayari ni ya maghorofa, inaelekeza kidole kwa ile ya kwanza, na hapo umeisha. Halafu bei ya ploti inapanda, mnaanza kupigiwa simu na mabroka, yule jirani alikuwa anapiga kelele zaidi kwa mkutano ndiye anauza wa kwanza. Sio mbaya, pesa ni pesa, lakini jueni hiyo mapema msije mkashangaana.

Kingine, msingoje tingatinga. Mtu akienda kortini jengo limefika ghorofa ya sita, mwenye jengo anasimama anasema nimekopa benki, nimeshauza fleti kwa watu hawana makosa, na jaji naye ni binadamu anaangalia hiyo simiti yote anashindwa aseme ibomolewe. Wakati wa kupinga ni saa hii vile ni mabati tu.

ramani_na_kalamu:
Kazi yangu ni mipango miji, si wakili, kwa hivyo haya yachukueni kisha mpate wakili wa mambo ya ardhi na mazingira ayapitie. Kwanza mjue kuna milango miwili na kila mmoja una saa yake, watu wengi wapiga hodi mmoja wakasahau mwengine.

Mlango wa kwanza ni kaunti. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 mwenye kutaka kujenga lazima aombe ruhusa kaunti na lazima autangazie umma, na huo umma una haki ya kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Kama ploti ilikuwa ya nyumba ya familia moja ataomba pia kubadilisha matumizi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili, kaunti ikinyamaza siku 60 bila kumjibu mwombaji kwa maandishi, sheria yahesabu kwamba amepewa. Yaani ukimya ni kibali. Ndio maana barua yenu yatakiwa ifike mapema na mpigiwe mhuri wa kupokewa kwenye nakala, ile nakala yenye mhuri ni dhahabu, msiiweke kwenye simu tu. Uamuzi ukitoka na hamukuridhika mna siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, ile isikizayo rufaa za mipango na ujenzi, na kutoka pale ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mlango wa pili ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Huyo kijana wa fomu ni wa upande huo. Mtaalamu wa mazingira huandika ripoti na lazima aonyeshe majirani walishauriwa, fomu zao huwekwa nyuma ya ripoti. Nendeni ofisi ya NEMA ya kaunti muombe kuiona ripoti, mtazame zile fomu moja moja, majina, nambari za simu, sahihi. Mkikuta mashauriano yenyewe ni askari wa geti na muuza madafu basi hilo pekee ni pingamizi zito kuliko malalamiko ya kurasa kumi, kwa sababu ushirikishaji wa umma umo kwenye Katiba, kifungu cha 10 na cha 69, na haki ya mazingira safi ni kifungu cha 42. Leseni ikishatolewa mna siku 60 za kwenda Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiza rufaa za leseni za NEMA, na hizo siku 60 msizichezee, kesi nzuri kabisa hutupwa kwa kuchelewa bila hata kusikizwa.

Wakiwazungusha kuhusu mafaili, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, andikeni ombi, ofisi yatakiwa ijibu ndani ya siku 21.

Na kitu cha tatu chepesi, fanyeni sachi ya ile ploti pale ofisi ya ardhi, yaani mukaguliwe rekodi zake. Hati za zamani huwa zina masharti maalum, nyengine zimeandikwa wazi kabisa nyumba moja ya makaazi kwa ploti. Ikiwa sharti lipo na halijaondolewa rasmi mna kitu cha kushika mkononi. Ikiwa halipo, mumejua.

Babu_wa_Links:
Mimi nimekaa huku tangu njia zote hizi ni vumbi. Nyote mwataja maji na sheria, hakuna aliyetaja stara. Nyumba zetu zimejengwa na ua nyuma, mama hukaa uani na wajukuu wake kichwa wazi, anachambua mchele, anaanika nguo zake za ndani, apumua. Ghorofa 14 zikisimama hapo kila roshani yatazama ndani ya ua wangu. Binti zangu watajifunika ndani ya nyumba ya baba yao? Tuweke paa la mabati juu ya ua tuishi kama kuku? Wazee waliojenga mji mkongwe walikaa wamebanana kuliko sisi lakini mlango haukutazama mlango na dirisha halikutazama ua wa mtu, walikuwa na adabu ya kujenga.

Na upepo. Kusi ukianza mwezi wa nne nyumba yangu yote yapoa, sina haja ya mashine ya baridi mpaka kaskazi irudi. Hilo jengo litasimama upande gani wangu? Kusini! Nishamwambia mwanangu anitolee kompasi kwenye simu tukaangalia, ni kusini barabara. Na kuna mbuyu mle ndani ya ploti ambao nauona tangu sijaoa, waukate waweke magari.

ramani_na_kalamu:
Mzee shikamoo. Hilo la stara liandikwe, na liandikwe hivo hivo ulivolisema, ila liongezewe vipimo. Kutoka ukuta wako mpaka jengo ni mita ngapi, roshani za upande wako ni ngapi, kuanzia ghorofa ya ngapi mtu aona uani. Afisa akisoma "faragha itaathirika" apita, akisoma roshani 26 zatazama nyua tano zilizo mita saba kutoka mpakani, asimama. Upepo vilevile, chora ramani hata ya mkono, onyesha kusi watoka wapi na nyumba zipi zakingwa. Mbuyu upigeni picha leo, kabla haujawa "hapakuwa na mti".

Na niseme kwa uwazi ingawa hamutapenda, sioni kama mutazuia kusijengwe chochote. Ile ploti imenunuliwa kwa bei ya ghorofa, hatajenga nyumba ya chini tena. Mnachoweza kupata, na si kidogo, ni ghorofa zipungue sana, jengo lirudi nyuma kutoka mpakani, roshani zielekee barabarani, mtambo wa maji taka uwe sharti la kibali na uwe umefungwa kabla ya mtu wa kwanza kuhamia, na kisima kiwekewe kiwango cha kuvuta. Kisima kikubwa chahitaji kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji kwa hivyo huo ni mlango wa tatu kama mwataka. Pia pimeni hiyo njia yenu, gari la zima moto lapita na kugeuka? Magari mia yatatokea Links Road saa moja asubuhi kwa njia gani?

Mkifika na "hatutaki" peke yake mutaambiwa mwapinga maendeleo, mutapigwa picha gazetini mumeshika mabango, basi.

Mkaazi_wa_Ndani:
Shukran sana kaka, hii nimeichapisha kabisa. Sasa kuna tatizo nililoona haya kulisema mwanzo. Jirani mmoja kati yetu, sitamtaja, kaitwa na mwenye mradi wakanywa chai, na katoka kule asema yeye hana pingamizi na katia sahihi. Sasa kila tukikutana yeye ndiye atuuliza "mmefika wapi", tushajua habari zaenda wapi. Na mwengine asema wazi kuwa akipata bei ile ile yeye pia auza ahamie Kilifi. Je sahihi yake huyo yatuharibia?

Mtu_wa_Kilimani:
Hahaha si nilisema. Na huyo wa Kilifi msimnunie, angalau amesema ukweli. Huyo wa chai ndio wa kuangalia. Fungueni grupu ingine ndogo ya watu wanaofanya kazi, ile kubwa wachieni dua na stika.

ramani_na_kalamu:
Sahihi ya mmoja haifuti haki ya mwengine, kila jirani ana pingamizi lake. Ndio maana huwa nashauri kila nyumba iandike barua yake yenyewe badala ya petisheni moja yenye sahihi hamsini. Petisheni moja mtu aweza kuijibu kwa sentensi moja, lakini barua ishirini zenye mambo tofauti, huyu kisima, huyu ua, huyu mtoto ana pumu na vumbi la miaka miwili ya ujenzi, lazima kila moja ijibiwe. Muwe na ya pamoja pia ya chama cha mtaa kama kimesajiliwa. Na nakala mumpelekee mwakilishi wenu wa wodi ya Mkomani, si kwa sababu atasimamisha kitu ila asije akasema hakuambiwa.

Dada_wa_Kongowea:
Mimi niko nje ya mtaa lakini nauliza, na sisi twaweza kuandika? Maana kama hicho kisima kitavuta hivo na hayo maji machafu yataingia kwenye jiwe, huku kuna visima vya misikiti twategemea. Fundi niambie kama naongea upuzi.

FundiVisima:
Huongei upuzi hata kidogo, maji ya chini hayajui geti la mtu. Umbali ndio neno, na yaelekea wapi, kwa kawaida yateremka kuelekea bahari na hori kwa hivyo inategemea kisima kiko upande gani. Lakini kuandika andikeni, sheria imesema umma haikusema wenye ploti. Na kwa kweli barua ikitoka Kongowea itawasaidia hawa wa Nyali kuliko wanavyodhani, itakuwa si matajiri peke yao.

Mkubwa Mkaazi, jambo moja la haraka, pimeni chumvi ya visima vyenu sasa kabla hawajachimba chochote. Kile kipimo kidogo cha mkononi chatosha kuanzia, lakini cha maabara chenye karatasi na tarehe ndicho kitakachosimama mbele ya mtu. Mkija kulalamika baada ya miaka mitatu kuwa maji yamekuwa chumvi wataulizia yalikuwaje mwanzo, na neno la mdomo halitawasaidia.

Mkaazi_wa_Ndani:
Dada karibu sana, na niseme tu kwamba barua yetu ya pamoja nitakutumia uipitie kwanza, mahali popote penye "watu wa aina nyengine" upige mstari. Tunakutana Jumapili baada ya alasiri kwa Babu, uani, maadamu ua bado upo. Fundi unaweza kuja na hicho kipimo tupime visima vyote siku moja? Twalipa.

FundiVisima:
Nitakuja. Kila nyumba iweke chupa safi ya lita moja ya maji kutoka kwenye kisima chenyewe, si kwenye tangi la juu, na uandike jina na saa. Na msitie dawa wiki hii.

Babu_wa_Links:
Kahawa na mahamri ipo. Huyo wa chai asialikwe.